Kazi za mikono za Pasaka kwa watoto wa chekechea: angalia jikoni na uani kabla hujaenda dukani

#1 Mwl_Katubuka

Wakuu habari za wiki.

Kila mwaka Kwaresima ikielekea mwisho simu yangu haitulii. Walimu wenzangu wa awali, akina mama wa Sunday school, wazazi wanaoshinda na watoto nyumbani, wote swali lao ni moja: Pasaka hii watoto wafanye nini? Na wengi wameshatumiwa picha za huko mtandaoni, sungura wa foami, mayai ya plastiki yanayofunguka, glita, vimacho vya kubandika. Hapa Kigoma mjini ukizunguka sana utavipata, na ukiulizia bei utarudi nyumbani kimya. Uzi huu ni wa wasio na bajeti hiyo, na wa walionayo ila hawaoni sababu ya kuitumia. Mwaka huu 2026 Matawi ni tarehe 29 Machi na Pasaka ni 5 Aprili, kwa hiyo anayetaka kufanya kitu aanze sasa.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusigombane mbele: kazi ya mtoto wa miaka mitatu mpaka sita ifanywe na mtoto. Ukiona kifaranga kimekatwa kikanyooka, macho yako sawa, mdomo uko katikati, jua mwalimu amekesha. Mtoto kaitwa kuja kubandika mdomo tu, kisha akaambiwa "umefanya vizuri". Mimi kifaranga chenye jicho mkiani nakipokea, nakiandika jina, nakitundika.

Tuanze na gundi, maana hiyo ndiyo inayomaliza hela. Chukua unga wa muhogo vijiko viwili vya chakula, koroga na kikombe kimoja cha maji ya baridi mpaka madonge yaishe, ndipo ubandike jikoni kwa moto mdogo huku unakoroga. Ukiona weupe umepotea na uji unavutika kama makamasi (wanaokula wanisamehe), epua, acha upoe kabisa. Chumvi kidogo inauchelewesha kuchacha, ila kesho yake utanuka tu, kwa hiyo pika wa siku hiyo hiyo. Mtoto akilamba hakuna kesi. Ubaya wake ni panya na mende. Kazi zilizobandikwa kwa uji zikilala mezani, asubuhi unakuta kifaranga kimebaki miguu. Tundika kwenye kamba.

Sasa kifaranga chenyewe. Trei za mayai, zile za karatasi za kijivu, muuza chipsi yeyote anazo za kutupa, muombe tu. Chagua zisizo na ute uliokauka, zianike juani kutwa nzima. Kukata vile vikombe ni kazi yako wewe mtu mzima, trei ni ngumu kwa mkasi wa mtoto. Baada ya hapo toa mikono yako. Chota uji kidogo wa gundi, tia bizari kijiko kimoja, koroga, hiyo ndiyo rangi ya njano. Mtoto apake kwa vidole. Avae fulana kuukuu ya baba yake juu ya sare, bizari haitoki kwenye shati jeupe hata ufanyeje. Macho: mbegu za papai, osha utelezi wote, kausha. Kwa walio chini ya miaka minne msitumie mbegu kabisa, zinaishia puani na masikioni. Chora macho kwa mkaa. Miguu ni njiti za ufagio wa chelewa zilizokatwa fupi na ncha zikasuguliwa. Mdomo ni kipande chochote cha kitenge.

Vitenge vinatupeleka kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote, yai la viraka. Fundi cherehani yeyote ana mfuko wa mabaki chini ya meza, na kwa mji huu mabaki ya vitenge hayajawahi kuwa haba. Chora yai kubwa la ukubwa wa sahani kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, mtoto apake uji halafu ajaze viraka anavyotaka. Kama huna vitambaa, tumia magazeti ya zamani, na hapa ndipo penye siri: usimpe mkasi, mwache achane kwa mikono. Mwangalie mtoto wa miaka minne anavyochana karatasi. Mara ya kwanza anavuta pande mbili kama anakata kamba, haichaniki. Anageuza, anajaribu na meno. Mwishowe anabana kwa dole gumba na kidole cha shahada za mikono yote miwili, mkono mmoja unakwenda mbele mwingine unarudi nyuma, ulimi uko nje, na karatasi inatoa ule mlio wake. Huko kubana kwa vidole viwili ndiko atakakokuhitaji siku akishika penseli. Mzazi anayeniuliza "mbona hamwandiki?" namwambia tunaandika, ila bado hatujafika kwenye karatasi ya mistari.

Kipepeo ni kazi ya dakika tano kwa wale wadogo kabisa: karatasi imekunjwa katikati, rangi matone matone upande mmoja, unafunika, mtoto anapigapiga kwa kiganja, anafunua. Basi. Watataka kurudia mpaka karatasi ziishe.

Ya mwisho ni ya mbegu. Maganda ya mayai yaliyopasuliwa juu tu, yachemshwe kidogo kuua wadudu, yatobolewe chini kwa sindano, yajazwe udongo. Mtoto achore uso kwa mkaa, apande mtama au ulezi, anyunyize maji kwa ncha za vidole. Kwa joto na unyevu wa msimu huu unachipua baada ya siku chache tu, kwa hiyo mkipanda siku ya Matawi, Ijumaa Kuu mnaanza kuona kijani na Pasaka yai lina nywele. Maharage yanachelewa kidogo, hayo pandeni mapema zaidi. Wa Sunday school wana maneno yao tayari pale Yohana 12, chembe ya ngano inayoanguka ardhini. Wasio wa Sunday school wana somo la mimea. Kila mtu anabeba chake.

Karibuni mchangie.

#2 MamaWawiliGungu

Asante madam, uzi umekuja wakati wake. Mimi wangu wawili wameona kwenye runinga watu wanapaka mayai rangi, sasa kila nikirudi na mayai wanataka kuyapaka. Yai la kweli linapakwa na nini? Nilisikia watu wanatumia rangi ya keki lakini hiyo dukani kwetu ipo moja tu, nyekundu.

#3 Mwl_Katubuka

Mama Wawili, rangi ya keki inafaa, ila jikoni kwako una rangi nyingi kuliko duka.

Maganda makavu ya vitunguu maji, yale mekundu mekundu, makonzi mawili makubwa kwenye nusu lita ya maji. Chemsha kama nusu saa, chuja. Yanatoa kahawia inayokwenda kwenye wekundu. Bizari vijiko viwili kwenye maji mengine ya kiasi hicho hicho inatoa njano. Rosela, ile ya kutengenezea juisi, ndiyo yenye vituko: maji mekundu kabisa lakini yai linatoka na rangi ya kijivu-zambarau, wakati mwingine linaelekea bluu. Watoto wangu hapo ndipo wanapopiga kelele. Mchicha usijisumbue nao, rangi yake haishiki.

Katika kila kikombe cha rangi iliyopoa tia kijiko kimoja cha chakula cha siki. Ganda la yai ni chokaa, siki inalila kidogo sana kwa juu na rangi inapata pa kushika. Bila siki yai linatoka limepauka. Ndimu pia inasaidia.

Mayai ya kisasa mengi tunayouziwa ni ya kahawia, kwa hiyo njano haionekani vizuri. Tafuta ya kienyeji yaliyo meupe. Chemsha dakika kumi, acha yapoe, halafu mtoto achovye kwa kijiko. Mikono yenye mafuta isiguse yai kabla ya rangi, maana palipo na mafuta rangi inakataa. Yakikauka ndipo mafuta yana kazi: kitambaa kikavu chenye tone la mawese, futa juu juu, yai linang'aa. Mawese kidogo tu, ukizidisha yanageuka yote kuwa ya chungwa.

Na jambo la afya. Yai la kuchemsha likishakaa nje zaidi ya saa mbili msimpe mtoto ale, na kwa joto la mchana wa hapa nyumbani punguzeni hata huo muda. Ya kuchezea na kufichwa kwenye majani yawe ya kuchezea, ya kula yawe mengine. Na ule mtindo wa kutoboa yai bichi na kulipuliza kwa mdomo usiwape watoto kabisa, wadudu wa tumbo wako humo. Fanya mwenyewe, nawa mikono.

#4 MvuviWaKibirizi

Mimi swali langu ni dogo tu wakuu. Sungura anataga lini? Maana nimelelewa na sungura pale nyumbani, sijawahi kuokota yai hata moja. Mwanangu karudi na karatasi ina sungura amebeba kikapu cha mayai, ananiuliza mimi baba yake ndiyo nijibu.

#5 KatekistaMzee

Tumsifu Yesu Kristo.

Mvuvi umenichekesha ila swali lako lina jibu. Yule sungura ni wa Wajerumani. Daktari mmoja wa kwao, Georg Franck von Franckenau, aliandika mwaka 1682 kuhusu desturi hiyo ya watoto kuambiwa kwamba sungura ndiye anayeleta mayai na kuyaficha kwenye majani ili wayatafute. Wahamiaji wa Kijerumani wakaenda nayo Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 18, na kutoka Marekani ikaingia kwenye kadi, kwenye chokoleti, na sasa kwenye karatasi ya mwanao. Hakuna sungura kwenye Injili yoyote.

Yai lina hadithi nyingine. Zamani katika Kwaresima Wakristo wa Ulaya hawakuruhusiwa kula mayai pamoja na nyama. Kuku hajui Kwaresima, anaendelea kutaga. Mpaka Pasaka inafika nyumba imejaa mayai, yakachemshwa, yakapambwa, yakagawiwa. Ndugu zetu Waorthodoksi mpaka leo wanayapaka rangi nyekundu, kwa ajili ya damu ya Kristo. Kwa hiyo yai silikatai. Sungura ndiye sioni anatufundisha nini sisi wa Kigoma.

Watoto wangu wa kigango tunafinyanga kaburi. Udongo wa mfinyanzi wa mtoni, donge la kujaa viganja viwili. Mtoto analibonyeza kwa dole gumba mpaka linakuwa pango, analiweka juu ya kigae, anatafuta jiwe bapa la kufunika mlango. Ijumaa Kuu jiwe linafungwa. Jumapili asubuhi kila mmoja anakuja kulisukuma lake. Hapo huna haja ya kueleza sana, mtoto wa miaka minne anakwambia mwenyewe "hayupo".

Na msalaba, vijiti viwili vya mti vimefungwa kwa uzi katikati, kisha mtoto anazungusha uzi wa kufumia kutoka mkono huu kwenda ule, anapita juu, anazunguka, anasonga, mpaka katikati panajaa rangi. Hii ni ya miaka mitano kwenda juu, walio chini wanafunga vidole vyao wenyewe.

Tahadhari kwa wanaotumia makuti ya mchikichi: shina la kuti lina miiba mikali pande zote mbili. Wapeni watoto majani tu yaliyokwisha kunyofolewa. Na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi si ya kukatakata darasani. Hayo yanatunzwa, ndiyo yanayochomwa kupata majivu ya Jumatano ya Majivu mwaka unaofuata. Kwa kazi za mikono kateni mengine, michikichi tunayo ya kutosha.

#6 MvuviWaKibirizi

Mzee nimekuelewa. Leo usiku nina la kumjibu.

#7 BabaZuhura

Asalaam aleikum na habari zenu wote.

Mimi ni Muislamu, niko Ujiji, binti yangu anasoma kituo ambacho mwenyewe ni Mkristo na sina shida naye, anawalea vizuri. Idi imepita juzi tu hapa na walimu walikuja kwangu wakala pilau. Ila mwaka jana binti alirudi na msalaba mkononi, bibi yake akaukuta mlangoni. Siku hiyo nyumba haikukalika. Mtoto analia, kazi yake ameitengeneza kwa mikono yake na anataka itundikwe. Bibi hataki kuiona. Mimi katikati.

Sikatai watoto kufurahi. Vifaranga, vipepeo, mbegu, rangi, hata hayo mayai, sina neno. Ninachoomba nijulishwe kabla, basi. Ninyi walimu mnalionaje?

#8 Mwl_Katubuka

Wa aleikum salaam Baba Zuhura, na Idi njema ya kuchelewa.

Una haki kabisa, na nashukuru umelisema kwa upole. Mimi darasani kwangu kazi za Pasaka zimegawanyika mara mbili. Mambo ya darasa zima ni yale niliyoyaandika pale juu, yai la viraka, kifaranga, kipepeo, mbegu. Hayo ni ya msimu, kila mtoto anafanya. Msalaba, kaburi, mwanakondoo, hayo namwachia katekista na walimu wa Sunday school huko kanisani, ambako mzazi amempeleka mtoto kwa hiari yake. Na kwenye Idi tunakata mwezi na nyota za kadibodi na kupaka hina kwenye mkono wa karatasi, wote, na kina Yohana wamo.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, kwa hiyo darasa zima lilikuwa na mtu anayefunga nyumbani. Imenisaidia sana kueleza.

Kama mwalimu wa Zuhura yumo humu, amesoma. Kama hayumo, baba nenda mwenyewe asubuhi mapema kabla watoto hawajajaa, mwambie kama ulivyotuambia sisi. Usimtume mtoto wala usiandike kwenye daftari.

#9 BabaZuhura

Nitakwenda Jumatatu. Asante mwalimu. Hilo la hina kwenye mkono wa karatasi mke wangu amelipenda, anasema mwakani atakuja kuwasaidia kuchora.

#10 MtuWaUnyanyembe

Mwangaluka wakuu. Nachungulia kutoka Tabora, ruhusuni na sisi tuchangie, reli ni moja.

Mwl Katubuka umesahau kitu kimoja au kwenu hakipo: nta. Huku kwetu asali ndiyo jina letu, na wachakataji wadogo wakishakamua masega, nta inabaki. Omba kipande. Nta ikiwa baridi, imara, mtoto anaishika kama krayoni. Yai likitoka kuchemshwa liache lipoe mpaka uweze kulishika bila kuungua lakini bado lina uvuguvugu. Hapo hapo mtoto achore kwa nta: mistari, nukta, herufi ya jina lake, chochote. Kwa sababu ganda lina joto, nta inalainika kidogo na kushika. Mchoro hauonekani, na hiyo ndiyo raha yake. Akichovya kwenye rangi ya maganda ya vitunguu, kila alipopita na nta panabaki peupe.

Watu wa Ukraine na Poland wanafanya hivi kwa ufundi mkubwa, wanayeyusha nta na kuchora kwa kijikalamu cha chuma. Hiyo ni ya watu wazima. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, ikimmwagikia mtoto inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Kwa chekechea ni nta baridi tu, na aliyekosa nta atumie mshumaa mweupe, kazi ni ile ile.

Mshumaa huo huo unafanya kazi kwenye karatasi pia. Mwalimu anachora kifaranga kwa mshumaa kwenye karatasi nyeupe, anampa mtoto karatasi "tupu". Mtoto anapaka maji ya rosela, kifaranga kinatokea. Hapo jiandae, maana watakuja hata wa darasa la pili kuchungulia dirishani.

#11 Mwl_Katubuka

Mtu wa Unyanyembe, nta kwetu ipo ila sikuwahi kuifikiria kwenye yai la uvuguvugu. Hii naichukua kama ilivyo.

#12 ChakiNaVumbi

Wakuu mnaongea vizuri, lakini ninyi ni wa vituo vya watoto kumi na tano. Mimi niko shule ya serikali, darasa la awali. Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mimi 25 ndio wanaokaa dawati la mbele. Niambieni, trei za mayai nitazikata usiku gani? Rangi nitaigawa kwa kijiko gani?

#13 Mwl_Katubuka

ChakiNaVumbi, pole mwalimu mwenzangu. Nimefundisha madarasa ya namna hiyo kabla sijahamia nilipo, kwa hiyo sikupi nadharia.

La kwanza, achana na wazo la kila mtoto kazi yake ya kubeba nyumbani. Fanya yai moja la darasa zima. Fungua maboksi makubwa mawili, yaunganishe, chora yai la urefu wa mtoto mwenyewe, liweke chini sakafuni. Safu moja inakuja na kiraka mkononi, inabandika, inarudi. Waliokaa wanachana karatasi. Kila mtu ana kitu mkononi muda wote, na hilo kwenye darasa la namna yako ndilo la kwanza, hata kabla ya Pasaka.

La pili, toka nje. Mvua ikishakatika ardhi ina unyevu mzuri wa kuchora. Kila mtoto na kijiti chake, achore yai kwenye udongo kubwa kadiri awezavyo, kisha alipambe kwa vinavyookotwa: majani, maua yaliyodondoka, kokoto, visoda. Huhitaji gundi, huhitaji karatasi, na wakimaliza wanatembea wote kutazama mayai ya wenzao. Visoda uvihesabu ukivitoa na ukivirudisha, vina ncha.

La tatu, trei usikate wewe. Waambie la sita na la saba wakukatie wakati wa mapumziko, watafurahi kuliko hao wadogo.

#14 ChakiNaVumbi

La tatu hilo ndilo limeniokoa. Yai la sakafuni nalifanya wiki hii.

#15 MlipaAda

Mimi nitasema ambalo wengi mnaogopa kusema. Tunalipa ada. Mtoto anarudi na kadibodi imepakwa uji, imejaa matambara, ukiigusa inanata, na mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu "vizuri sana". Vizuri nini? Shule ya jirani watoto wanarudi na kadi safi, sungura amekatwa vizuri, ina riboni, unaweza hata kumtumia shangazi yake Dar. Kazi ya mwalimu ni kuelekeza mtoto afanye kitu kizuri, siyo kumwachia achafue.

#16 MamaWawiliGungu

Mlipa Ada, hiyo kadi yenye riboni muulize mwanao alifanya nini humo. Wangu mkubwa alikuwa shule ya namna hiyo. Alinijibu "nilikaa". Nilimhamisha kwa mengine, ila hilo nalo lilikuwemo.

#17 Mwl_Katubuka

Nakuelewa Mlipa Ada, na sikukatalii uzuri. Kuna mambo mawili ambayo naomba uyatofautishe.

Usafi wa kazi ni jukumu langu. Ikinata maana yake sikuiacha ikauke, hapo una haki ya kulalamika. Jina liandikwe vizuri, kadibodi isiwe na mafuta ya chipsi, tarehe iwepo. Lakini umbo ni la mtoto. Nikimkatia sungura, nimempa karatasi ya kupaka rangi iliyochangamka, si kazi ya mikono. Kama unataka kuona kama mwanao anaendelea, chukua yai lake la Pasaka na uliweke pembeni ya lile atakalolifanya Desemba kwa ajili ya Krismasi. Viraka vitakuwa vidogo zaidi, vimekaribiana, pengine ameanza kupanga rangi mbili mbili. Kwenye kadi zilizokatwa na mwalimu hilo huwezi kuliona, maana Pasaka na Krismasi zote zimekatwa na mkono mmoja.

Na kadi ya shangazi wa Dar ipo. Kiganja cha mtoto kimechovywa kwenye rangi ya bizari, kimegandamizwa kwenye manila nyeupe vidole vikiangalia juu. Ikikauka, dole gumba linachorewa jicho na mdomo, vidole vinakuwa manyoya ya mkia. Ni kuku. Pembeni andika "Pasaka njema" wewe mwenyewe kwa mwandiko wako mzuri. Hiyo safi, na mkono ni wa mwanao kweli. Shangazi ataitunza kuliko riboni.

#18 MlipaAda

Hiyo ya kiganja sawa. Ya matambara bado hujanishawishi.

#19 Mwl_Katubuka

Haya, nusu si haba.

#20 KatekistaMzee

Madam swali moja la ufundi kabla hatujatawanyika. Makaburi yangu ya udongo mwaka huu yanagoma kukauka. Mvua inanyesha kila siku, na ninayoweka juani saa nne saa nane yanaloa. Mengine yamepasuka mlangoni. Wenzangu mnakaushaje?

#21 MtuWaUnyanyembe

Mzee yanapasuka kwa sababu nje kunakauka haraka na ndani bado bichi. Usiyaweke juani moja kwa moja. Changanya udongo na mchanga laini kidogo wakati wa kukanda, kuta zisizidi unene wa kidole, halafu yafunike kwa kitambaa chenye unyevu siku ya kwanza, yakae kivulini ndani ya nyumba. Siku ya pili ondoa kitambaa. Usiyachome, hayana haja ya kuwa vyungu.

#22 Mwl_Katubuka

Nakazia hapo. Na kwa vifaranga na mayai ya viraka, kamba ipite jikoni juu ya jiko la mkaa lililokwisha kupikiwa, lile joto la mwisho linatosha, ila mlango na dirisha viwe wazi na watoto wasiwepo. Uji upakwe mwembamba, mnene haukauki hata kwa siku tatu. Ya maganda ya mayai yenye mbegu yaacheni dirishani, hayo unyevu ndio chakula chao.

Wanaopanga mwakani, Pasaka inawahi, ni 28 Machi 2027. Anzeni kuomba trei kwa wauza chipsi mapema Februari, na muwaambie zisirundikwe chini, zinaloa.

#23 MvuviWaKibirizi

Taarifa: nimemweleza mwanangu kuhusu Wajerumani. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kaniuliza sasa yule sungura alifika Kigoma kwa treni au kwa meli. Katekista njoo.